Oili Isiyovuta Uzi

Kuna wateja wanaoingia dukani na mtungi mtupu mkononi, wakauweka juu ya kaunta na kusema, "Nitilie oili ya trekta," kama mtu anayeagiza mafuta ya taa. Ukiwauliza trekta gani, wanakunja uso. Ukiwauliza oili yenyewe inakwenda wapi, kwenye injini, giaboksi, ekseli au haidroliki, wanakutazama kama umewauliza umri wa mama zao. "Oili ni oili, dada," wanasema. Nimeuza spea mjini Kilifi miaka mingi, na maneno hayo matatu bado yananipandisha mori. Siwauzii. Mwenye duka ameshanionya mara kadhaa, nami nimeshamjibu kwamba akitaka mtu wa kujaza kila mtungi unaoletwa, aajiri muuza pombe ya mnazi.

Wengine hawaji kubishana. Wanatoka Ganze, Bamba, hata ng'ambo ya Malindi, wanasimama kando wakisubiri duka lipungue watu, kisha wananisogelea kwa adabu. "Tumeambiwa tukuulize wewe," wanasema. "Wewe ndiwe uliyemwambia kakako mapema, asisikie." Huwa najifanya natafuta kitu kwenye rafu ya chini. Nikiinuka nawajibu kwamba ndiyo, ni mimi, na nawauliza trekta lao ni la aina gani.

Sisi tulizaliwa wawili, kaka yangu na mimi, na kati yetu kuna miaka tisa. Baba yetu aliendesha matrekta ya shamba la mkonge nusu ya umri wake, kisha akanunua moja kuukuu, akawa analima mashamba ya watu bara ya Matsangoni. Hakuwa amesoma, lakini mitambo aliijua kwa mikono. Oili alikuwa na njia yake ya kuipima. Alichovya kidole cha shahada, akakibana na kidole gumba, kisha akavitenganisha polepole mbele ya macho yake. Oili ikivuta uzi mrefu kati ya vidole viwili bila kukatika, alisema hiyo ni oili. Uzi ukikatika alisema hayo ni maji, mrudishieni mwenyewe.

Na alikuwa sahihi. Nataka hilo lieleweke, maana watu hupenda kumcheka marehemu kwa jambo ambalo hakulikosea. Trekta lake lile lilikuwa na vyumba mbalimbali tumboni. Giaboksi na ekseli ya nyuma vilikuwa na gia tupu, na gia hupenda kitu kizito kinachong'ang'ania meno. Haidroliki, ile inayoinua na kushusha jembe, ilikuwa na tangi lake pembeni. Breki zilikuwa kavu, nje kabisa, hazikuonja oili maisha yao yote. Kwa trekta la namna hiyo, oili ya gia nzito, inayovuta uzi, katika joto hili letu, ndiyo dawa yenyewe. Baba alikufa bila kuharibu giaboksi hata moja.

Alitufundisha sote wawili kupima uzi, lakini kiti cha trekta kilikuwa cha kaka. Mimi nilikwenda chuo cha ufundi, nikasomea mitambo, darasa zima wanawake wawili. Nilipomaliza nilizunguka gereji zote kuanzia Mtwapa hadi Malindi. Walinisikiliza kwa upole, wakaniambia watanipigia. Hatimaye duka la spea likanichukua kwa sababu nilijua majina ya vitu. Sikuajiriwa kushika spana, niliajiriwa kuziuza, na hilo kaka alikuwa akinikumbusha kila tulipobishana.

Baada ya baba kufariki, kaka aliuza lile kuukuu pamoja na ng'ombe, akaleta trekta jingine, lililokwishatumika ng'ambo. Lilikuwa jekundu, refu, na lilipoingia uani mama alitoka jikoni na unga mikononi akaligusa tairi. Trekta hilo ndilo lililokuwa lilishe nyumba nzima: mama, kaka, mke wake na watoto wanne. Hapakuwa na jingine la kutegemea isipokuwa minazi michache iliyozeeka.

Chini ya kiti mlikuwa na kitabu chake, bado kimo ndani ya mfuko wa nailoni. Hakuna aliyekitaka, nikakichukua. Nilikisoma dukani siku tatu, wakati wateja wamepungua, na siku ya tatu nikaelewa kwamba trekta hili halikuwa jamaa ya lile la baba. Ndani yake hamkuwa na vyumba. Gia, ekseli ya nyuma, haidroliki na breki zenyewe, vyote viliogelea katika oili moja. Breki zilikuwa sahani zilizopangwa ndani ya ekseli, zikibanana ndani ya oili ile ile. Kwa hiyo oili yake ilitakiwa ifanye kazi tatu kwa pamoja: ilinde meno ya gia, iwe nyepesi ya kutosha kwa pampu kuivuta na kuinua jembe, na iziache sahani zishikane pale mtu anapokanyaga. Oili nzito ya gia ingefanya kazi ya kwanza vizuri sana. Ya pili ingeifanya kwa kunung'unika. Ya tatu isingeifanya kabisa, sahani zingeteleza, zipate moto, ziungue.

Duka letu lilikuwa na oili hiyo inayotakiwa. Ilikuwa nyembamba, rangi ya dhahabu, na watu hawakuipenda.

Mwezi mmoja kabla ya masika kaka alimwaga oili ya zamani ili aanze msimu na mpya. Niliomba ruhusa kazini, nikaja na mtungi wa ile nyembamba. Uani walikuwepo madereva wenzake wawili na jirani yetu, mzee mmoja aliyependa kukaa mahali popote panapofunguliwa boneti. Nikawaamkia, nikaweka mtungi chini, nikafungua kitabu nianze kueleza. Kaka hakunikataza. Alifungua kifuniko, akachovya kidole, akakibana na gumba, akavitenganisha mbele ya watu wote. Uzi haukuwepo. Oili ilimtiririka hadi kiganjani.

"Huu ni mchuzi wa papa," akasema. "Tena mchuzi wenyewe hauna nazi."

Walicheka hadi yule mzee akashika mbavu. Mimi nikaendelea kusoma, sauti ikipanda. Niliwaonyesha picha ya zile sahani. Kaka alisubiri nimalize, akajifuta mkono kwa kitambaa.

"Dadangu, kitabu hicho kimeandikwa na watu wa baridi," akasema. "Jua hili letu, mafuta haya yatageuka maji kabla ya saa nne. Baba aliendesha miaka yote ile kwa uzi, na kitabu hakukijua. Wewe wauza tu. Kuuza na kuendesha ni mbali."

Nikamwambia baba angekuwa hai angesoma kile kitabu. Hapo nilikosea, maana baba hakujua kusoma, na kila mtu pale alilijua hilo. Mama akatokeza kwenye mlango wa jikoni.

"Mwanangu, mwache kakako," akasema. "Fahali wawili hawakai zizi moja, na wewe hata fahali si wewe. Njoo unikunie nazi."

Nikaenda. Nilikaa juu ya mbuzi nikakuna nazi kwa hasira hadi ikatoka na vipande vya kifuu, na mama akalichuja tui mara mbili. Nje nilikuwa nasikia ile nzito ikimiminwa, inavyotoka taratibu kwenye mtungi kwa sauti ya kumeza. Nilijiapia palepale kwamba mimi na trekta lile basi. Mtungi wangu niliuacha nyuma ya mlango wa ghala la mama, sikutaka hata kuubeba kurudi nao.

Masika yakaja, trekta likalima. Asubuhi jembe lilichelewa kuinuka, pampu ikalia kwa sauti nyembamba mpaka oili ipate joto, na kaka akawaambia watu kwamba chuma nacho kina uvivu wa asubuhi. Aliingia mashamba ya Roka, akaenda Dida, akarudi. Mahindi yaliota yakapita magoti, na kila nilipokwenda nyumbani alinionyesha kwa kidevu. "Hayo yote ni kazi ya uzi," alisema. "Mchuzi wako ungetufikisha wapi?" Mke wake alicheka. Mama naye alicheka, akificha mdomo kwa leso.

Niseme ukweli, kwa kuwa sijawahi kuusema. Nilitaka trekta lile liharibike. Sikutaka mtu aumie, Mungu ni shahidi. Nilitaka tu lizimike katikati ya shamba la mtu, mbele ya wale madereva wawili na yule mzee, kaka aje dukani kwa miguu yake, asimame upande wa wateja wa kaunta, aniulize. Nilikuwa nimeshayapanga hata maneno ya kumjibu. Niliyarudiarudia nikipanga filta kwenye rafu.

Kulima kulipokwisha, kaka aling'oa jembe akafunga trela, akaanza kubeba mawe ya kujengea kutoka timbo moja kule kwetu. Timbo ni shimo kubwa, wanaume wanashuka asubuhi wanakata matumbawe ya kale vipande vya mraba, na njia ya kutokea ni mteremko mmoja mkali uliochongwa ubavuni. Shambani breki si kitu. Ardhi ni tambarare na jembe lenyewe linakushikilia. Timboni breki ndiyo roho yako. Hilo nililijua tangu siku niliyosikia ameanza kazi hiyo, nikanyamaza.

Jumamosi moja alasiri nilishuka Matsangoni nikielekea kwa mama. Nilikuwa sijafika mbali kwenye njia ya vumbi niliposikia trekta likija nyuma yangu, na kabla sijageuka nikaujua ule mlio. Lilipopunguza mwendo, ekseli ilikoroma. Chuoni mwalimu wetu alitusikilizisha sauti hiyo makusudi, akatuambia ukiisikia, usilipande trekta hilo, limwage oili kwanza. Kaka alikanyaga, trekta likanipita, akakanyaga tena, likasimama hatua kumi mbele yangu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hakuzima injini. Alikuwa anautazama usukani, anaondoa vumbi ambalo halikuwepo. "Breki hizi siku hizi zataka kubembelezwa. Nakanyaga mara mbili ndiyo zisikie. Wasemaje, fundi?"

Hakuwahi kuniita fundi. Wala kwa mzaha. Kaka yangu alikuwa mtu ambaye hakuweza kuuliza. Alilelewa ajue, na asipojua akae kimya. Ile ndiyo ilikuwa safari yake nzima ya kuja kaunta, aliifanya pale njiani, akiwa juu ya kiti, macho yake pembeni. Mimi nilimwelewa, nilimwelewa vizuri kabisa. Na jibu lilikuwa fupi: usishuke timboni, twende tukaimwage, mtungi upo nyuma ya mlango wa mama.

Nikasema, "Mimi nauza tu. Muulize uzi wa baba."

"Haya," akasema. Akaingiza gia, akaondoka, na vumbi lake likaniingia mdomoni. Nami nilitembea hadi kwa mama nikiwa mwepesi, nikiyarudia maneno yangu, nikiona nilivyoyapatia. Kaka hakuwepo nilipofika, alikuwa ameenda kuliweka trekta kwake. Mama alipika wali na kunde, nikala nikashiba, nikarudi mjini kabla ya magharibi.

Jumatatu simu ilinikuta namhudumia mtu. Trekta lilikuwa linapanda kutoka timboni na trela limejaa. Juu, lori lilikuwa limesimama katika njia. Kaka akakanyaga breki katikati ya mteremko. Akakanyaga tena. Walioona wanasema alikanyaga mara nyingi, akiwa amesimama juu ya pedali kwa uzito wake wote, huku trekta linarudi nyuma taratibu, halafu si taratibu. Trela lilijikunja, likaliangusha trekta ubavu. Wakataji mawe walimtoa kwa mitaimbo. Hospitalini walijaribu siku mbili kuuokoa mguu wa kulia, siku ya tatu wakaukata chini ya goti.

Trekta lilipovutwa juu, tuliita fundi kutoka Malindi alifungue. Nilikuwepo. Oili iliyotoka ilinuka kuungua, nyeusi, bado nzito. Fundi alitoa sahani moja ya breki, akaifuta, akanipa mkononi. Ilikuwa laini na yenye kung'aa kama kikaango cha chapati. Akauliza ni nani aliyetia oili ile, na watu wote wakatazama upande wa nyumba ya kaka. Hakuna aliyenitazama mimi. Trekta liliuzwa chuma chakavu.

Waliokuja kumpa pole walikuja na methali yao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema, kisha wakaona wamelitaja guu mbele ya mtu aliyekatwa, wakaguna, wakaomba maji. Mimi nilikuwa nawahudumia, nikitamani kuwatupia zile bilauri. Kaka yangu alisikia la mkuu. Alilisikia la baba neno kwa neno, hakuongeza wala hakupunguza. Aliyekuwa hana la kujitetea ni mdogo mtu, aliyekuwa akizunguka na sinia.

Lakini kaka mwenyewe ndiye aliyeniweka juu. Tangu siku alipoweza kukaa kitako, kila mgeni alimsimulia kisa kile kile. "Dadangu alinambia. Alileta oili yenyewe, akaleta na kitabu. Mimi nikamcheka, nikaiita mchuzi wa papa." Hajifichi, hasemi bahati mbaya. Watu wanageuka kunitazama kwa heshima. Ndivyo jina langu lilivyosafiri hadi Bamba. Wale madereva wawili waliocheka uani hawatii oili mpaka wanipigie simu kwanza. Yule mzee ananiita mwalimu.

Kisa chake huishia kwenye nazi. Ile Jumamosi ya njiani haimo. Nilidhani maumivu yameifuta, na sikuona haya kushukuru. Miaka ikaenda hivyo.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, nilikwenda nyumbani. Mke wake siku hizi anachoma makaa, alikuwa ameenda nayo barabarani. Mama amezeeka, alikuwa amelala. Kaka alikuwa kibarazani anasuka makuti, gongo limeegemea ukuta. Alikuwa amepungua. Nilikaa karibu naye, nikamsaidia kukunja, na nilikuwa nimeamua tangu dukani.

"Kaka," nikasema, "siku ile tulipokutana njiani. Uliponiuliza breki."

"Naikumbuka," akasema. Hakuacha kusuka. "Si ulinambia nimuulize uzi wa baba? Nikamuuliza. Nilifika nyumbani nikalizima, nikangoja ipoe kwanza, vile baba alivyofanya. Nikafungua kifuniko, nikatia kidole. Ukavuta, dadangu. Uzi mrefu huu."

Aliweka kuti chini, akaniinulia mkono. Alibana kidole cha shahada na gumba, akavitenganisha polepole, mpaka mwisho, macho yake yakiwa pale katikati ambapo hapakuwa na kitu.

"Nilifurahi siku ile," akasema. "Jumapili nikamwambia mama, mdogo wangu jana kanikubali, amesema nipime ya baba. Nilikuwa naona vibaya vile tulivyoachana siku ya nazi. Jumatatu nikaenda timboni sina wasiwasi hata kidogo." Akashusha mkono, akachukua tena kuti lake. "Kwani wataka kusema nini?"

"Hakuna, kaka," nikamwambia. "Nilikuwa nakumbuka tu."